Somo la Imla

Shuleni kwetu, wilayani Bukoba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila Ijumaa baada ya mapumziko tulikuwa na imla. Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akasoma sentensi mara mbili kwa sauti ya taratibu, nasi tukaiandika kama ilivyotoka kinywani mwake. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza maana, wala ya kusema kwamba sentensi ile haikutuingia akilini. Kilichotakiwa ni kuandika bila kukosea. Sharti lilikuwa moja, nalo lilitajwa kabla ya sentensi ya kwanza: vichwa chini. Aliyeinua kichwa alihesabiwa kuwa anatazamia kwa jirani, naye alichapwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na neno hilohilo katika maandishi ya siasa, "utawala wa imla", nikashtuka kuona lilivyokaa mahali pake. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili. Tunaye dikteta, tunaye jabari, tunaye dhalimu, na wanazuoni huifafanua dhuluma kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipo pake, maana ambayo nitairudia. Sisi wa Kagera tunaye pia nduli, neno ambalo tangu mwaka 1978 halihitaji kufuatiwa na jina la mtu ili msikilizaji ajue kwamba anasemwa Idi Amin wa Uganda. Lakini imla ndilo linalonifundisha zaidi, kwa sababu maneno yale mengine humtazama mtawala peke yake, na hili linatutazama na sisi tulioinamia madaftari. Mtu mmoja anasoma, na kama hakuna mkono unaoandika, kusoma kwake ni sauti tu.

Nayasema haya nikijua ubaya wa kuyasema vibaya. Si haki kumwambia mtu aliyewekewa bunduki kisogoni kwamba yeye ndiye aliyemweka dhalimu madarakani. Ninachotafuta ni kingine: kuelewa hatua kwa hatua jinsi watu wenye akili zao, wengine wacha Mungu, wengine wapole kama mjomba wangu, wanavyofika mahali pa kuandika wanachosomewa.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa fundi cherehani mjini Kampala kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 hadi mwaka 1973. Wahaya wengi wa rika lake walivuka kwenda Uganda kutafuta riziki, na mpaka ule wakati huo ulikuwa mwepesi, kwa kuwa lugha zetu zinasikilizana na ndugu wako pande zote mbili. Cherehani yake ilikaa barazani kwa duka la vitambaa la Mhindi mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi katika miji yetu: mteja hununua kitambaa ndani, kisha hupimwa nje. Kwa miaka mingi alinisimulia habari za Kampala, na nyingi ya ninazoandika hapa nilizisikia kwake kabla ya kuzisoma popote.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote wa Uganda akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lilichukua serikali. Redio Uganda ilisoma sababu 18 za mapinduzi, kisha akatajwa Idi Amin. Mjomba alitoka barazani na kucheza ngoma barabarani. Kampala yote ilicheza, na ni lazima tukubali kwamba ilikuwa na sababu. Mwezi Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Amin huyohuyo, lilishambulia Lubiri, kasri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme, na wapinzani walikuwa kizuizini. Amin aliwafungua wafungwa wa siasa. Akaurudisha mwili wa Mutesa, ukazikwa Kasubi, penye makaburi ya makabaka, kwa heshima zote. Akasema yeye ni mwanajeshi, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafanyika. Nani asingeshangilia? Dhalimu wengi huingia kwa mlango wa dhuluma iliyotangulia, wakiwa wamebeba kitu ambacho watu walikidai kwa haki, na kwa sababu kitu hicho ni cha kweli, watu hawatazami mkono ulikibeba vipi.

Katika mwaka uleule wa kwanza wa furaha, askari Waacholi na Walangi walikuwa wakiuawa kambini kwa sababu tu walitoka makabila yaliyohesabiwa kuwa ya Obote. Habari zilifika mjini kwa minong'ono. Nilimuuliza mjomba walizipokeaje. Alijibu kwamba watu walisema hayo ni mambo ya jeshi, na wengine walisema ni mambo ya watu wa kaskazini. Mwaka huohuo ilitolewa amri iliyowapa wanajeshi mamlaka ya kukamata raia, na hilo nalo likapita, kwa kuwa kila mtu alidhani watakaokamatwa ni wengine.

Kisha ukaja Agosti 1972. Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90, na makumi ya maelfu wakaondoka, wakiwamo waliokuwa raia wa Uganda. Hapa ndipo ninapoona somo zito kuliko popote, kwa sababu safari hii raia hawakuachwa kuwa watazamaji, waligawiwa. Maduka, viwanda, nyumba na magari yalitolewa kwa wanajeshi na watu wao wa karibu, na pengine kwa raia wa kawaida waliopanga foleni mbele ya kamati. Wenye bahati hiyo waliitwa mafuta mingi. Wapo waliokabidhiwa maduka ambayo hawakujua bei ya bidhaa zake. Waliuza kilichokuwa rafuni, na rafu ilipokwisha, duka likafungwa. Sukari, chumvi na sabuni zikawa za kutafutwa. Ndiyo maana ile ya wanazuoni: kila kitu kiliwekwa mahali pasipo pake, duka kwa asiyejua biashara, mahakama chini ya kambi, na uhai wa mtu mikononi mwa yeyote mwenye sare.

Sitaki ieleweke kwamba malalamiko ya Waafrika juu ya biashara yalikuwa ya uongo. Tangu enzi ya ukoloni mfumo uliwaweka Waasia katikati na Waafrika chini, na mtu aliyezuiwa kuchambua pamba yake mwenyewe alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini dhalimu huchukua hasira iliyo halali na kuielekeza kwa jirani asiye na ulinzi, na mtu akishapokea kiti cha jirani aliyefukuzwa, hata kama ni kiti kimoja tu cha mbao, kinywa chake huwa kimefungwa. Atasemaje kuhusu dhuluma naye ameikalia?

Wiki chache baada ya tangazo hilo, tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka katika jengo la Mahakama Kuu, mchana, na hakuonekana tena. Kiwanuka alikuwa ameongoza serikali kabla ya uhuru. Obote alimtia kizuizini. Amin alimfungua na kumpa ujaji mkuu. Kwa hesabu ya kawaida ya siasa zetu, mtu huyu alikuwa na deni la shukrani. Hata hivyo, lilipoletwa mbele yake shauri la Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi bila kufuata sheria, aliamuru aachiliwe. Ninalitafakari jambo hili mara nyingi. Hakushika silaha wala hakutoa hotuba. Alifanya kazi yake ya kawaida, iliyoandikwa katika kiapo chake, siku ambayo kuifanya kazi ya kawaida kulikuwa kumekuwa uasi. Aliinua kichwa katikati ya imla.

Lakini wapo waliovuka mpaka wa ujasiri ambao majina yao hayatajwi sana, nao ni wajane. Mwaka 1974, kwa shinikizo la malalamiko ya ndani na nje, Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu mwaka 1971, chini ya Jaji Mohammed Saied. Mtu angetarajia kwamba hakuna atakayejitokeza. Watu walijitokeza kwa mamia, wengi wao wanawake, wakasimama mbele ya tume na kusema mume wangu alichukuliwa siku fulani, saa fulani, na watu hawa, kwa gari hili. Tume iliorodhesha watu 308 waliopotea, idadi ndogo mbele ya ukweli, kwa maana makadirio ya waliouawa katika miaka minane yanafika hata 300,000. Ripoti haikuyazuia mauaji. Hata hivyo, fikiria mwanamke aliyeamka alfajiri, akavaa gomesi yake nzuri, akaenda kutaja jina la mumewe mbele ya serikali ileile iliyomchukua. Mwanamke yule alidai mumewe awe na tarehe, mahali na shahidi, kwa sababu imla humtaka mtu apotee bila maandishi.

Februari 1977 ilikuwa zamu ya maaskofu wa Anglikana. Baada ya nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kupekuliwa usiku na askari, walimwandikia Amin barua ya pamoja, wakaitia saini, wakiyalalamikia mauaji. Tarehe 16 Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walikamatwa mjini Kampala, baada ya mkutano wa hadhara ambako askari waliokusanywa walipiga kelele wakitaka watuhumiwa wauawe. Siku iliyofuata serikali ilisema wamekufa katika ajali ya gari. Mwili haukuletwa Kampala. Ulipelekwa Mucwini, kijijini kwake huko Kitgum, ukazikwa chini ya ulinzi. Huko Namirembe, kwenye kanisa kuu la Anglikana mjini Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, na Jumapili watu walikuja kwa wingi, wakasimama kando ya kaburi tupu wakaimba. Hawakuondoa serikali. Walikataa sentensi moja tu, ile ya ajali ya gari.

Wakulima nao walikuwa na njia yao. Walipolipwa fedha isiyonunua kitu, wengi waliacha pamba na kupanda chakula, au walipitisha kahawa yao kwa magendo kuvuka maziwa na mipaka usiku, ingawa amri ya mwaka 1975 iliweka adhabu ya kifo kwa makosa ya uchumi. Waliotajirika kwa magendo ni wengine, wakiwamo maofisa wa jeshi, kwa hiyo sitaiita njia hiyo safi. Ila ilikuwa namna ya kuacha kuandika. Wengine walikimbia: wanasheria, walimu wa Makerere, hata mawaziri. Wapo wanaowalaumu waliokimbia, na mimi siwezi. Mtu aliye hai uhamishoni anaweza kusimulia, na dunia ilichelewa sana kusikia hata baada ya kusimuliwa. Mwezi Julai 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake Kampala na kumpa Amin uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia. Nyingine nyingi zilikwenda, zikakaa, zikapiga makofi.

Mtanzania anayeandika habari hizi hana budi kujitazama. Tulikuwa sahihi kukataa kumtambua Amin, na ninajivunia hilo. Lakini wakati huohuo, ndani ya Muungano wetu, Zanzibar ilitawaliwa tangu Mapinduzi ya 1964 bila uchaguzi, na mwaka 1969 wanasiasa wa Zanzibar Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walikamatwa Bara, wakapelekwa visiwani, wakauawa. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka ilikuwa katika vitabu vyetu tangu mwaka 1962. Si mambo ya kulinganishwa na Nakasero, mahali ambapo idara ya usalama ya Amin iliwatesa watu, lakini anayemnyooshea kidole jirani kuhusu dhuluma ajue ni vichwa vingapi viliinama nyumbani kwake pia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 imla ilitufikia sisi. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaiteka ardhi yote kaskazini ya Mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Mama yangu alikuwa amekwenda kumtazama dada yake upande ule wa mto. Alivuka daraja la Kyaka akikimbia, mimi nikiwa mgongoni, siku chache kabla ya daraja kulipuliwa. Waliobaki nyuma waliuawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisema redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, na hata leo wazee wa kwetu wanaweza kuyakariri maneno yale neno kwa neno. Wananchi walitoa magari, ng'ombe na watoto wao wa kiume. Wengine wa watoto hao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa.

Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Watu walicheza tena barabarani, kisha siku hiyohiyo wakaanza kuvunja maduka na ofisi na kuchukua kila kilichobebeka. Kabla ya hapo askari wetu walikuwa wameibomoa sehemu kubwa ya mji wa Masaka, Uganda, kwa hasira ya Kagera. Ninayataja yote mawili kwa huzuni. Miaka minane ya kuishi bila sheria inayoaminika huacha kitu ndani ya watu, na kitu hicho hakiondoki siku dhalimu anapopanda ndege. Obote alirudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa na wengi, vita vya msituni vikaanza, na Luwero ikajaa mafuvu ya vichwa.

Kuna jambo moja linalonichoma kama mtu anayeipenda lugha yake. Amri za wakati ule zilitolewa kwa Kiswahili. Ndiyo iliyokuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa Waganda wengi, basi, Kiswahili ni sauti ya mtu aliyegonga mlango usiku. Na katika utawala wa pili wa Obote, askari walipozingira mitaa na kuwapakia watu kwenye malori, operesheni zile zilijulikana kwa maneno mawili ya lugha yetu: panda gari. Nimewahi kumsalimia mama mmoja mzee huko Masaka kwa Kiswahili, kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, nikaona bega lake likipanda kama mtu anayengoja kipigo. Nilimwomba radhi kwa Kihaya, naye alinielewa, akacheka kidogo, akanipa kiti. Siku hiyo nilifahamu kwamba dhalimu anaweza kuchafua hata shikamoo.

Mjomba alirudi Bukoba mwaka 1973 na begi moja, bila cherehani. Tulizoea kusikia kwake habari za ngoma za mwaka 1971, za Kiwanuka, za foleni za sukari. Kuhusu siku za mwisho za duka lile la vitambaa hakusema lolote, nasi hatukuuliza, kwa sababu mzee wa kwetu husimulia anapotaka.

Idi Amin alikufa Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Nilikuwa likizo nyumbani. Habari iliposomwa redioni nilimfuata mjomba barazani kwake, nikamwamkia, nikamuuliza kama amesikia. Aliitikia kwamba amesikia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akataja jina la yule mwenye duka, jina ambalo katika miaka yote ya masimulizi sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akataja na la mkewe, na la binti yao mdogo ambaye alikuwa akimchagulia vifungo.

"Siku waliyoondoka askari wawili walikuwa wamekwisha kukaa ndani ya duka," alisema. "Yule bwana alitoka na sanduku lake, akasimama mbele yangu. Miaka 14 nilikaa barazani kwake. Aliniaga kwa jina langu, mwanangu, si kwa kusema fundi. Cherehani ilikuwa inakwenda, na mimi sikuusimamisha mguu. Nilikuwa nashona suruali ya mmoja wa wale askari. Sikuinua kichwa."